Mtani Hakuandikwa

Mimi siamini gari jeupe. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nilimficha tabia yangu. Nimekaa Katoro miaka ishirini na ushee nikipika ugali na wali wa wachimbaji, na katika miaka hiyo kila gari jeupe lililosimama karibu na banda langu lilikuja kuchukua kitu. Moja lilikuja kupima ardhi, na haukupita muda watu wa mtaa wa nyuma wakaambiwa wahame. Lingine lilikuja kupima maji ya visima, wakatupima na sisi mkojo, na majibu hatujayaona mpaka leo. Basi asubuhi yalipoingia magari meupe kwa mpigo, yenye bendera za nchi nisizozijua, niliwaambia wateja wangu, "Kuleni haraka, jamani. Hawa hawakuja kunywa chai."

Sikujua kwamba walikuwa wanakuja kwangu.

Kaka yangu alikuwa amefariki siku nane kabla. Tulitoka naye Segese tukiwa vijana, mimi na sufuria zangu, yeye na sururu yake, na maisha yake yote alikuwa mtu wa kuukaribia utajiri bila kuugusa. Mara ya mwisho mganga alimwambia mwamba wake umo kwenye duara lililoachwa, shimo la wachimbaji wa zamani ambalo lilikuwa limejaa popo. Akaingia. Alishinda humo siku mbili akatoka ananuka mavi ya popo, hana hata vumbi la dhahabu. Baada ya wiki kichwa kikamwuma, akatapika, macho yakawa mekundu, halafu fizi zikaanza kutoa damu. Nilimlaza nyumbani kwangu. Nilimfuta mwenyewe kwa kanga zangu. Mtaani walisema amerogwa, kwa sababu mtu aliyekaribia mali haachwi hivihivi, na mimi, Mungu anisamehe, nilikubali, tena nilikuwa na mtu wangu ninayemshuku. Siku ya tano akakata roho.

Tulimzika kwa heshima zote kwenye kiwanja alichokuwa amenunua Buseresere. Aliogeshwa, akavishwa, akaagwa. Na mtani wetu alikuja.

Hapa lazima nimweleze huyu mtu. Alikuwa fundi cherehani, Mzaramo wa Pwani aliyekuja huku kushona sare za shule akanogewa. Kila mtu anajua Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za babu zetu waliokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Wengine siku hizi wanautania utani wenyewe, wanakutana kwenye msiba wanatupiana neno moja na kwisha. Yeye hapana. Miaka kumi na moja tulikuwa tukitukanana kila siku ya Mungu. Akipita bandani kwangu anasema, "We mtumwa wangu, huo ugali ni chakula au kichuguu?" Namjibu, "Pita, Mzaramo, ngoma zinakusubiri, kazi utaikuta mwakani." Mkewe, Msumbwa mmoja mpole wa Ushirombo, alikuwa akicheka mpaka anajishika mbavu. Nikiwa na shida, mtu wa kwanza kujua alikuwa yeye, kwa sababu siku hiyo matusi yangu yalikuwa hayana nguvu, na yeye alikuwa anasikia.

Siku ya msiba, wanawake wamelia mpaka sauti zimekauka, mtani akaingia chumbani alimofia kaka. Akalivaa koti la marehemu. Akajilaza kwenye godoro lake, akajifuta uso kwa taulo lake, akapiga kelele, "Nimefufuka! Leteni ugali na maziwa, halafu mniambie nani kati yenu amekula ng'ombe zangu!" Akatoka nje anatembea kama kaka, bega moja chini, anaokota mawe uani na kuyalamba kuangalia kama yana dhahabu. Wafiwa tulicheka huku tunalia. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Akajilaza getini kuzuia jeneza; tulipompa jogoo akakubali kuinuka na kuliacha lipite, lakini koti hakulivua. Ni haki yake. Aliondoka nalo.

Wiki haikuisha, wachimbaji wawili waliokuwa wakilala chumba kimoja na kaka wakaugua vilevile, damu puani. Mmoja akafa. Ndipo redio ikatangaza homa ya kutoka damu inayoambukiza kwa kugusana, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na magari meupe yakaja.

Walijenga mahema kwenye uwanja wa shule, wakazungushia kamba. Walikuwa watu wa kila rangi: wa wizara yetu ya afya, Waganda wa maabara, wazungu wa aina mbili tatu ambao hata wao kwa wao hawakuwa wanaongea lugha moja, na daktari mmoja Mkongomani, mtu mzima, mrefu, mwenye mvi pembeni. Mtaa mzima ukasema, "Si ndiyo huyo? Ugonjwa umetoka kwao, sasa ameufuata." Mimi pia nilisema. Sina sababu ya kujitakasa.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwenye karatasi zao. Dada wa marehemu, aliyemwuguza. Banda langu likafungwa, nikaambiwa nisitoke uani kwangu siku ishirini na moja. Kila asubuhi daktari Mkongomani alikuja na muuguzi wa hapa kwetu, wakasimama mbali, wakanipima joto kwa kile kidude cha kuelekeza kwenye paji la uso. Chakula niliwekewa nje ya geti. Majirani waliokuwa wakinikopa chumvi sasa walikuwa wanapita upande wa pili wa njia. Na kadiri siku zilivyokwenda nikiwa mzima, ndivyo macho yao yalivyozidi kubadilika. Kaka amekufa mikononi mwake, yeye haugui? Loo! Nilijua wanachowaza. Ningekuwa nje ya geti ningewaza hivyohivyo.

Siku ya kwanza daktari aliuliza kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa, "Mama, niko naomba majina ya watu wote wenye walimugusa. Wenye walimuogesha, wenye walimubeba, ndugu, wote wenye walilia hapa."

Nikawataja. Nilitaja waliomwogesha, waliobeba jeneza, shangazi aliyemfumba macho, wanawake waliolala msibani. Sikuficha hata mmoja. Muuguzi alikuwa anaandika, mimi nahesabu kwa vidole. Na mtani hakunijia akilini kabisa. Naapa. Waliniuliza ndugu, wakauliza waliolia, na mtani si ndugu na hakulia. Mtani anakuja msibani kuuvuruga msiba. Kumwandika kwenye orodha ya wafiwa ni sawa na kumwandika jogoo aliyeliwa. Hata muuguzi wetu, aliyezaliwa Sengerema na anajua watani vizuri, hakuuliza. Wote wawili tulimruka mtu aliyelala kwenye godoro lile.

Siku ya tatu ndiyo iliyoniharibu. Daktari alisimama getini, akatazama kamba ya kuanikia, akasema, "Mama, manguo ya marehemu iko wapi?"

Koti! Nililiona koti lile linatembea, bega moja chini. Na nikasikia mdomo wangu unasema, "Tulichoma. Zote."

Mtu atauliza, kwa nini? Nimejiuliza sana. Nitasema nilichokuwa nacho kichwani siku ile, bila kukipamba. Jirani yetu wa nyumba ya tatu alikuwa amechukuliwa anatembea kwa miguu yake, na kesho yake akarudi ndani ya mfuko, akazikwa na watu waliovaa kama wafuga nyuki, mkewe hakuonyeshwa hata uso. Nilikuwa nimeona damu yetu inatiwa kwenye masanduku ya baridi, yale ya kubebea sangara wa Mwanza. Na jana yake tu nilikuwa nimesikia ugomvi mbele ya geti langu. Mwanamke wa Kizungu na bwana wa wizarani walikuwa wanabishana juu ya masanduku hayo. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini damu na ndege nilivisikia. Mzungu anataka yaende kwao, bwana wetu anasema hayatoki bila karatasi, Mganda anasema yapite kwao kwanza ni karibu. Nikasema moyoni, aha! Wamekuja kushirikiana, na sasa wanagawana. Mimi nimeona watu wakigawana mawe nje ya duara, na sauti ni ileile.

Halafu kulikuwa na habari ya popo. Wataalamu walivaa mavazi yao meupe wakaingia kwenye lile duara alimoingia kaka, na nyavu na taa. Wachimbaji wakakusanyika juu. "Popo gani wa kutafutwa na wazungu?" Walipotoka na mifuko, vijana wakawazuia: fungueni tuone. Ikafunguliwa. Ni popo kweli. Mzee mmoja wa duarani akatikisa kichwa akasema, "Pasueni matumbo. Dhahabu imo tumboni." Habari hii ilinifikia kupitia ukuta wa jirani, nikacheka, halafu nikaacha kucheka, nikawaza kwamba mzee yule si mjinga.

Kwa hiyo nilimficha mtani. Daktari alipoondoka nilimpigia simu. "We Mzaramo, koti la kaka unalo?"

"Ninalo, mtumwa wangu. Limening'inia dukani. Mnataka kulikomboa, leteni mbuzi."

"Lichome. Na ufunge duka, ukae ndani. Hawa watu wakikuuliza, hukufika msibani."

Alicheka. "Unanificha kama ng'ombe wa wizi?"

"Nakuficha kwa sababu wewe ni mali yangu," nikamwambia. "Nani atanishonea?"

Akafunga duka. Alinisikiliza. Kama kuna kitu kinachonikaba mpaka leo ni hicho, kwamba yule mtu ambaye hakuwahi kukubali neno langu hata moja, siku hiyo alikubali.

Siku mbili baadaye mkewe alinipigia. Mumewe ana homa. Nikasema ni malaria, mvua zimeanza, mpe dawa. Gari la matangazo lilikuwa linapita njiani likipiga kelele, mficha maradhi kifo humwumbua, nami nilikuwa nalijibu kutoka uani, "Nani kaficha maradhi? Mimi nimeficha mtu!" Nilijiona mjanja, wallahi, na mimi si hata Mwislamu. Kesho yake mkewe akasema anatapika, amemfulia mashuka mara mbili, amemlisha uji mwenyewe kwa kijiko. Nikamwambia, "Vumilia, mwanangu. Usimwite mtu." Daktari alikuja asubuhi hiyo kama kawaida akanipima, akauliza kama kawaida, "Hakuna mutu mwingine, mama?" Nikamwambia, "Wewe huchoki?" Akasema, "Nachoka sana." Akaandika kitu akaenda zake.

Siku iliyofuata nilipiga simu nikasema nipewe mgonjwa mwenyewe. Mkewe akamwekea sikioni.

"We Mzaramo," nikasema, "umelala mchana tena? Kwenu mtu akizaliwa anapewa kitanda kabla ya jina."

Nasikia pumzi tu.

"Mzaramo! Nimesema wewe ni mvivu, na baba yako mvivu, na nazi mnasubiri zianguke zenyewe!"

Halafu, kwa sauti ya mtu aliye mbali, akasema, "Ndiyo, dada."

Ndiyo, dada! Simu iliniponyoka. Miaka kumi na moja sijawahi kumtukana akakubali. Hapo ndipo nilipojua mtani wangu anakufa. Sikuhitaji kuona damu. Nilitoka nje ya uzio niliokatazwa kuutoka, peku, nikapiga yowe katikati ya barabara, na bodaboda wote wakakimbia kama wameona simba. Daktari alikuwa nyumba ya nne. Alikuja mbio na vazi lake limefungwa nusu.

Nikamwambia yote: koti, godoro, taulo, duka lilipo. Hakunikaripia. Alipiga simu yake kwa Kifaransa, mwingine akapiga kwa Kiingereza, muuguzi kwa Kisukuma kwa dereva, na gari likaondoka. Ndipo akanigeukia.

"Mama, ulijua tangu siku gani?"

"Leo," nikasema. "Leo asubuhi."

Aliniangalia. Akaandika. Sijui aliandika nini, na sijawahi kumshuku mtu kama nilivyoishuku ile kalamu.

Sasa niseme haki. Ile ndege iliyobeba damu yetu ndiyo iliyorudi na dawa. Zilitoka nchi moja, zikapitia nyingine, Waganda wakaonyesha wa kwetu jinsi ya kuzitoa, na yule mwanamke wa Kizungu niliyemwita mchuuzi wa damu alikaa ndani ya hema na mtani wangu mpaka miwani yake ikajaa jasho, haoni. Muuguzi alinisimulia. Nilimwuliza, "Hizo dawa si za majaribio?" Akasema, "Ndiyo, na yeye alikubali, na huko nje hakukuwa na nyingine." Nikatafuta la kushuku, sikulipata, na hilo nalo likaniudhi.

Mtani alipona. Alitoka baada ya wiki tatu na cheti mkononi, amekonda, suruali ameifunga kwa kamba.

Mkewe hakupona. Homa ilimshika akiwa tayari chini ya uangalizi, siku sita baada ya mumewe kuchukuliwa. Walimpa dawa zilezile. Daktari Mkongomani alikuja mwenyewe kunieleza, akasimama pale getini. Alisema ni mashuka yale na ule uji. Alisema, "Kama tungemufikia bwana yake mbele ya homa, bibi asingeshika kitu." Alisema hivyo tu, akanipa pole, akaondoka. Mke wa mtani alizikwa na wale waliovaa kama wafuga nyuki. Mumewe alikuwa bado hemani. Mimi nilikuwa bado na siku zangu uani. Hakuna aliyemtania njiani.

Magari yalipoondoka, banda likafunguliwa, wateja wakarudi mmojammoja wakinisalimu "Mhola, mayu?" kama vile hawakuwahi kupita upande wa pili wa njia. Nikawapikia. Siku ya soko nilijikaza nikaenda dukani kwa mtani. Nilijua msiba wa mkewe haukupata utani, na mimi ndiye mtani wake, ni wajibu wangu kuja kumtukana hata kama nimechelewa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

Alikuwa kwenye cherehani, anashona sketi ya shule. Nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti, "Hata kifo kimekukataa, Mzaramo. Kimeona utakitia uvivu."

Mguu wake ukasimama. Hakucheka. Akanivutia kiti, akakifuta kwa mkono.

"Daktari aliniuliza," alisema. "Kabla hajaondoka. Aliniuliza kama kuna mtu alijua mapema nina koti. Nikamwambia wewe ulikumbuka siku ileile gari lilipokuja kunichukua. Akasema hata wewe ulimwambia hivyo. Nikamwambia mtani hawezi kujua kitu akanyamaza. Ndugu ndio wanaonyamaza. Mtani kazi yake ni kusema."

Alikuwa amenilinda. Alinificha, kwa mkono uleule niliomficha nao. Ningeweza kukaa kimya pale, na neno lingekuwa limekwisha, kwa sababu kwa ile simu yangu yeye alijua nililikumbuka koti mapema, ila hakujua kwamba daktari aliniuliza, na alikuwa ameamua kuniachia mlango wazi. Nilishuku hata hilo. Nilidhani ananitega.

"Nilijua siku ya tatu," nikasema. "Aliniuliza nguo ziko wapi. Nikasema zimechomwa."

Aliinamisha kichwa. Nilimwona anahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine, polepole, kutoka siku ile mpaka siku gari lilipokuja, na alipofika kwenye mashuka na uji kidole kikasimama. Nilisubiri anitukane. Mungu wangu, nilitamani anitukane, anitukanie mama, anitukanie ng'ombe na kabila langu lote mpaka sauti imkauke. Ningepiga magoti pale nimshukuru.

Akainua futi yake ya kupimia, akaivaa shingoni, akauliza kwa upole, "Nikushonee nini, mama?"

Nikamwambia sikuja na kitambaa.

"Hakuna shida, mama," akasema. "Karibu siku nyingine."